Asali, mvuke na maji ya chumvi: uchambuzi wa kisa kimoja cha mafua ya chavua

Alikuja na mfuko. Akautua mezani, akaanza kutoa kimoja kimoja: chupa ya asali mbichi iliyobaki robo, tangawizi ya unga, habbat soda ya kusaga, kichupa cha mafuta ya mkaratusi, pakiti ya maua makavu ya kamomili, kopo dogo la punje za chavua ya nyuki, yaani unga wa maua waliokusanya nyuki. Chini kabisa kulikuwa na dawa ya kupuliza puani, ambayo hakuitaja mpaka nilipoiona mwenyewe. "Dada, vyote hivi nimetumia kwa moyo," alisema kwa sauti ya mtu aliyebanwa pua. "Mwaka juzi, mwaka jana na mwaka huu. Pua ni ile ile."

Mimi ni muuguzi, na watu wenye mafua ya aleji yanayokuja kwa msimu nimewasikiliza miaka mingi. Huyu ni kijana wa miaka 31, mwalimu wa michezo, mzima wa afya miezi kumi ya mwaka. Ameniruhusu nieleze kisa chake bila jina. Nakieleza kwa sababu mfuko kama ule nimeuona kwa wengi, na karibu kila mara kile ambacho kingewasaidia zaidi hakimo ndani yake.

Dalili

Kila mwaka nyasi zinapochanua anaumwa wiki sita hadi nane. Asubuhi hupiga chafya kumi, kumi na tano mfululizo. Kamasi humtoka jepesi kama maji. Macho huwasha na kuvimba, na kaakaa humwasha kiasi cha kulikwaruza kwa ulimi, akitoa mlio wa koo ambao mkewe anaujua hata akiwa chumba kingine. Usiku mambo hugeuka: chafya zinakoma, pua inaziba kabisa, analala mdomo wazi na kuamka koo limekauka. Homa hana. Mwili haumuumi. Mafua ya virusi huwa yameisha ndani ya wiki moja au siku kumi, lakini yake hukaa msimu mzima na kuondoka nyasi zikishakauka. Utotoni alikuwa na ukurutu, na mama yake ana pumu. Ukiviweka hivyo pamoja, huhitaji kubahatisha sana.

Waingereza wameuita ugonjwa huu homa ya nyasi kavu, na jina hilo lilipotosha watu muda mrefu. Daktari John Bostock alieleza dalili zake mwenyewe mbele ya madaktari wenzake mjini London mwaka 1819. Yeye alilaumu joto la kiangazi, wengine wakalaumu harufu ya nyasi zilizovunwa. Aliyemkamata mkosaji ni Charles Blackley, daktari wa Manchester, ambaye alijitia chavua puani makusudi ili aone kitakachompata, akarusha tiara zilizobeba vioo vya kunata kupima chavua iliyoko angani, na mwaka 1873 akachapisha alichokiona. Ni chavua, tena ile nyepesi inayobebwa na upepo. Neno hilo la upepo naomba msomaji alishike, maana ndilo lililoishinda asali.

Kinachotokea ndani ya pua ni kosa la mwili wenyewe. Mwili umeidhania chavua kuwa adui, umetengeneza kingamwili za aina ya IgE, na kingamwili hizo zimejibandika kwenye seli za utando wa pua na macho zikingoja. Chavua ikitua, seli zinamwaga histamini, kemikali inayoleta muwasho na kamasi, na katika dakika chache mtu anapiga chafya. Baada ya muda wa saa nne hadi nane linafuata wimbi la pili, la uvimbe, ambalo ndilo huziba pua usiku. Kuna jambo moja zaidi ambalo wengi hawaambiwi: utando uliochokozwa siku nyingi mfululizo unazidi kuwa mwepesi wa kuchokozeka. Mwanzoni mwa msimu inahitajika chavua nyingi kuuamsha, lakini kadiri wiki zinavyopita hata chembe chache zinatosha. Kwa hiyo anayengoja mpaka azidiwe ndipo aanze kujitibu ameanzia mlimani.

Vitu viwili vilivyotoka mfukoni siku ile ile

Cha kwanza ni chavua ya nyuki. Aliniambia akizitafuna zile punje midomo humchomachoma, na mara moja mdomo wa chini ulimvimba kwa saa nzima. Alidhani ni dalili kwamba dawa imeingia kazini. Nilishtuka, na sikumficha. Mtu mwenye aleji ya chavua anayekula chavua kwa kijiko anaweza kupata mshtuko wa aleji, ule unaovimbisha koo, kukata pumzi na kushusha presha ghafla. Imewahi kuwapata watu. Kopo lile hakuondoka nalo.

Cha pili ni ile dawa ya kupuliza. Ilikuwa ya aina inayokaza mishipa ya damu puani, zile zenye oksimetazolini na jamaa zake, zinazofungua pua papo hapo. Dawa hizi ni za siku tatu hadi tano. Ukizidisha, pua inazizoea, na kila nguvu yake inapoisha pua inaziba kuliko ilivyokuwa mwanzo, nawe unapuliza tena. Yeye alikuwa amepuliza asubuhi na usiku kwa wiki tatu, na hakuihesabu kama dawa, "nafungua tu pua nilale." Sehemu ya kuziba kwake usiku ilitoka kwenye kichupa hicho. Tulikubaliana aache tundu la kushoto kwanza, aendelee na la kulia mpaka la kushoto litulie, kisha aache na hilo. Siku nne za mwanzo zilikuwa ngumu. Alinipigia simu usiku wa pili akiwa amekaa kitandani, nami sikuwa na cha kumpa isipokuwa kumwambia ainue kichwa kwa mito miwili na avumilie.

Daftari

Vilivyobaki mfukoni nilimwacha avitumie kama kawaida kwa wiki mbili, ila aandike. Kila jioni ajipe alama kutoka 0 hadi 3 kwa mambo manne: chafya, kamasi, pua kuziba, na macho. Jumla ya juu kabisa ni 12. Kando yake aandike hali ya hewa, alikokuwa, na alichotumia.

Alirudi na daftari la shule lenye mistari iliyopigwa kwa rula. Siku nyingi alama zilikuwa 9 au 10. Asali ilikuwepo kila siku, siku za 10 na siku za 5 sawasawa. Alama zilifuata mambo mengine. Jumatano, siku nyasi za uwanja zinapokatwa, ndizo zilizokuwa mbaya kuliko zote. Siku za jua na upepo mkavu zilifuata. Siku ya mvua ya rasharasha alipumua. Siku aliyoshinda ndani kwenye kikao alipata 4, akaandika pembeni: "sijui kwa nini."

Jumapili zilinitatiza, kwa sababu hakwenda uwanjani na bado usiku aliziba. Mkewe, aliyekuwa amekaa kimya muda wote, ndiye aliyefumbua. Alisema mumewe akitoka kazini hujitupa kitandani na nguo zile zile kupumzika kidogo, nywele haoshi kila siku, na kila anapokung'uta mto jioni huanza chafya. Alikuwa anarudi nyumbani na uwanja mzima kichwani na kuulalia. Madawa yote aliyokuwa akiyanywa yalikuwa yanapigana na mto.

Asali na wenzake

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu asali ndiyo iliyobeba matumaini yake yote. Hoja anayoambiwa kila mtu ni hii: asali ya karibu na kwako ina chavua ya karibu na kwako, ukiila kidogo kidogo mwili unaizoea. Inasikika vizuri, na wazo la kuuzoesha mwili si la kipuuzi. Tatizo ni chavua gani. Nyuki hufuata maua yenye rangi na utamu, ambayo chavua yake ni nzito, ya kunata, imeumbwa ipande mgongoni mwa mdudu. Nyasi hazina haja na nyuki. Chavua yake ni kavu na nyepesi, inamwagwa hewani kwa wingi, nayo ndiyo inayomtesa kijana huyu. Katika kijiko cha asali, chavua hiyo ya nyasi ni kidogo sana, na hakuna anayejua ni kiasi gani. Mwaka 2002 watafiti wa Connecticut, Marekani, waliwagawa watu 36 katika makundi matatu: asali mbichi ya eneo lao, asali ya dukani iliyochujwa, na sharubati iliyotiwa ladha ya asali. Hakuna kundi la asali lililopata nafuu kuliko wale wa sharubati. Nilimweleza hivyo bila kumkejeli, maana mtu aliyeamka kila asubuhi kwa miaka mitatu kulamba asali kwa imani anastahili heshima. Asali inatuliza koo lililokauka, na kwa hilo ilimfaa kweli. Ila mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe kabisa.

Mvuke ulimpa nafuu ya nusu saa. Unalegeza kamasi, basi, chavua inabaki palepale. Nilichokichukia ni namna alivyoufanya: sufuria ya maji yanayochemka katikati ya miguu, shuka juu ya kichwa, na mtoto wake wa miaka mitatu akizunguka. Nimefunga bendeji mapaja yaliyoungua kwa njia hiyo hiyo. Nilimwomba abadilishe, aoge maji ya moto jioni na kuosha nywele, apate mvuke wake humo humo.

Tangawizi na habbat soda zimefanyiwa utafiti mdogo mdogo wenye matokeo ya kutia moyo, lakini si wa kuegemea. Aendelee akipenda, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwulize daktari kwanza. Kamomili ni ya jamii moja na alizeti, na humo mna magugu yanayosababisha aleji kali kwa baadhi ya watu. Kwa aleji ya nyasi kama yake sikuwa na hofu nayo kubwa.

Aliniuliza pia kuhusu mmea wa Ulaya uitwao Petasites, aliotaka kuuagiza. Huo, kati ya mimea yote aliyoitaja, ndio wenye ushahidi mzuri zaidi: utafiti mmoja wa mwaka 2002 ulioulinganisha na vidonge vya aleji vya setirizini uliona vinakaribiana. Na ndio niliomkataza kwa nguvu kuliko yote. Usiposafishwa ipasavyo una kemikali zinazoharibu ini, na mnunuzi hawezi kujua kwa macho kama umesafishwa.

Kilichokosekana mfukoni

Maji na chumvi. Nilimfundisha kuosha pua, na nitaeleza kwa kirefu kwa sababu wengi hujaribu mara moja, wakakosea, wakaacha.

Maji lazima yachemke, yatokote kwa dakika moja kamili (dakika tatu kwa wanaoishi kwenye miinuko mirefu), kisha yapoe mpaka yawe vuguvugu. Hapa hakuna njia ya mkato. Maji ya bomba yasiyochemshwa yanaweza kuwa na amiba aina ya Naegleria fowleri, ambayo ikinywewa haina neno, ikipanda puani huingia ubongoni na karibu kila mara huua. Ni nadra mno, lakini kinga yake ni kuchemsha tu. Katika lita moja ya maji weka gramu 9 za chumvi, yaani kama kijiko cha chai kimoja na nusu, kilichosawazishwa, na chumvi iwe isiyo na madini joto. Maji matupu yanachoma pua, ya chumvi ya kiasi hicho hayachomi. Chupa laini ya kubinya ioshwe kila siku na iachwe ikauke.

Mara ya kwanza alisimama mbele ya sinki, akabana pumzi, akafumba mdomo, akabinya. Maji yakamwingia kooni, akakohoa mpaka machozi. Alinitazama kama niliyemdanganya. Nikamwambia ainame zaidi, ageuze kichwa ubavu, tundu moja liwe juu ya jingine, afungue mdomo na kupumua kwa mdomo huku akisema "aaa" taratibu, kisha abinye polepole kwenye tundu la juu. Maji yalipanda, yakakaa sekunde moja, yakatoka tundu la chini yakivuta uzi mrefu wa kamasi zito. Akageuza upande wa pili. Akapenga taratibu, bila nguvu, ili maji yasisukumwe masikioni. Kisha akavuta pumzi kwa pua, akafumba macho, akavuta tena. Hakusema kitu kwa muda.

Uchambuzi uliokusanya tafiti mbalimbali mwaka 2018 ulieleza kuwa kuosha pua kwa maji ya chumvi huenda kukapunguza dalili, ingawa ubora wa tafiti zenyewe ni wa chini. Mimi naliamini kwa sababu nyepesi: linaondoa kitu chenyewe. Kila kilichokuwa mfukoni kilijaribu kuubadilisha mwili uivumilie chavua, hili linaitoa nje.

Mengine yalifuata mantiki hiyo hiyo. Nguo za uwanjani zivuliwe nje ya chumba cha kulala na zisianikwe nje. Nywele zioshwe kila jioni. Madirisha yafungwe nyakati chavua inapokuwa nyingi. Miwani mikubwa uwanjani, mafuta ya mgando kidogo kuzunguka matundu ya pua yanase chavua, na Jumatano vipindi vihamie kwenye uwanja wa sakafu. Baada ya wiki tatu daftari lilionyesha 5, siku nyingine 4. "Dada, asili imeshinda," alisema. Nilifurahi pamoja naye. Ila macho yalikuwa bado yanapata 2 karibu kila siku.

Usiku wa dhoruba

Wiki ya tano, baada ya siku nyingi za joto kavu, ikaja mvua ya radi jioni. Daftari lake lilikuwa limemfundisha kwamba mvua ni nafuu, akasimama mlangoni kuvuta hewa ya baridi. Saa saba usiku aliamka kifua kimebana, pumzi ikitoka kwa mlio wa filimbi. Walimkimbiza hospitali, akapewa dawa ya kuvuta, akatulia alfajiri.

Rasharasha huosha hewa. Dhoruba ni kitu kingine: upepo wake huishusha chavua karibu na ardhi, unyevu huipasua vipande vidogo mno, na vipande hivyo, tofauti na chavua nzima inayokwama puani, hufika mapafuni. Tarehe 21 Novemba 2016 mjini Melbourne, Australia, dhoruba ya aina hiyo ilipeleka maelfu hospitalini na watu 10 wakafa. Miongoni mwa walioathirika walikuwemo wengi waliojua kuwa wana mafua ya chavua tu, hawakuwahi kuambiwa wana pumu.

Hapa kosa lilikuwa langu. Nilijua mama yake ana pumu, nikamuuliza kama anakohoa, akasema hapana, nikaishia hapo. Sikumuuliza anavyopumua akikimbia. Nilipomuuliza baadaye alisema kwa wiki mbili alikuwa anasimama katikati ya mbio kushika magoti, akidhani ni vumbi. Pua na mapafu ni njia moja ya hewa, na swali la kifua lilipaswa kuwa la siku ya kwanza.

Daktari alithibitisha pumu inayoamka na msimu, akampa pampu, na dawa ya steroidi ya kupuliza puani. Hiyo ya puani aliikataa. "Dada, ile ya kwanza ilinitia utumwani." Alikuwa na haki ya kuogopa. Nilimweleza kwamba steroidi hazikazi mishipa, haziachi pua ikizibana ukiziacha, na pia hazifungui papo hapo. Zinashusha uvimbe taratibu, na nguvu yake kamili huonekana baada ya siku kadhaa hadi wiki mbili. Tena maji ya chumvi yake yasingeachwa: aoshe kwanza, kisha apulize, akielekeza ncha upande wa sikio na si katikati ya pua, ili asitokwe damu. Kusikia kwamba maji yake yana nafasi ndiko kulikomlainisha.

Msimu uliofuata

Safari hii alianza kupuliza wiki mbili kabla nyasi hazijachanua, utando ukiwa bado umetulia. Macho yalipozidi alimeza setirizini, ambayo hailetei watu wengi usingizi kama vidonge vya zamani vya aleji. Radi ikisikika hufunga madirisha na kukaa ndani, pampu ikiwa karibu. Daftari lilikaa kwenye 2 na 3. Jumatano moja mashine ya kukata nyasi ilipita upande wa upepo, akapata 7, akaiandika bila kuficha. Asali bado iko mezani kwake, kwa sababu anaipenda.

Sasa anafikiria tiba ya kuuzoesha mwili, iliyoanza na Leonard Noon mjini London mwaka 1911: chavua yenyewe inayomdhuru, kwa vipimo vidogo vinavyojulikana, kwa sindano au chini ya ulimi, kwa miaka kama mitatu. Ndiyo kazi aliyoitarajia kwa asali. Daktari anataka pumu itulie kwanza, kisha afanyiwe kipimo cha ngozi kuona ni chavua zipi hasa. Kabla ya kipimo ataacha vidonge vya aleji kama wiki moja, ila maji ya chumvi ataendelea nayo. Ameshamwomba mwenzake amsimamie uwanja wiki hiyo.